Ushahidi wa Damu

Nina suali moja nataka tukae nalo pamoja. Mtu akiletewa karatasi inayosema kuwa ndani ya tumbo lake mna maradhi, aiamini kwa kiasi gani? Na karatasi hiyo ikisema kuwa hamna kitu, aiamini kwa kiasi gani? Usilione suali hili kuwa ni la madaktari peke yao. Madaktari wana yao ya kusema, na hapa nitayaeleza kwa kadiri nilivyofahamishwa. Lakini kuamini na kutoamini, kusema na kunyamaza, ni kazi ya kila mwenye akili, na wengi wetu kazi hii tunaiharibu. Mimi nimeiharibu mara mbili. Nitaanza na ile ya pili, kwa kuwa ni nyepesi kuitaja.

Ilikuwa Mfungo Mosi, mwaka 2022, siku chache baada ya Idi. Nilikuwa na miaka 64. Usiku, kiasi cha saa mbili baada ya kula pilau, yalinishika maumivu chini ya chembe cha moyo, yakapenya mpaka mgongoni chini ya bega la kulia, nikatoka jasho na kutapika. Alfajiri yakapoa. Nikamwambia mke wangu kuwa ni gesi. Sisi watu wa pwani tuna maneno matatu ya tumbo: gesi, kiungulia na vidonda. Kila linalouma baina ya kifua na kitovu tunalitia katika mojawapo, na tukishalipa jina tunaona tumeshalitibu. Nikanywa tangawizi, nikatafuna habasoda, nikajilaza. Baada ya wiki maumivu yakarudi.

Watu walinisifu kwa subira yangu. Wallahi haikuwa subira, ilikuwa khofu iliyovaa kanzu ya subira. Nilikuwa na sababu ya kuyaogopa maumivu ya mahali pale, na sababu hiyo utaiona mbele.

Katika siku hizo alikuja mtaani kwetu kijana mmoja mwenye meza, kompyuta ndogo na kijiti cha chuma kilichofungwa waya. Unakishika kijiti kwa muda wa dakika moja, na kompyuta inachapa kurasa kadhaa za khabari za mwili wako: ini, figo, nyongo, mifupa, mpaka usingizi wako. Hachomi sindano wala hatoi tone la damu. Mashine za namna hii zinauzwa katika nchi nyingi, na huenda nawe umewahi kukishika kijiti hicho. Mimi nilipewa kurasa nne. Katika ukurasa wa pili paliandikwa kuwa kongosho langu ni dhaifu, na mbele yake pana namba yenye nukta na tarakimu tatu nyuma ya nukta. Namba ina haiba yake, ndugu yangu. Mtu akikwambia tumbo lako si zuri utabishana naye; akikuandikia namba yenye nukta, unanyamaza. Kijana akafungua mkoba, akaniuzia chupa tatu za vidonge. Nikalipa. Usiku ule, chini ya taa, nikaandika wasia wangu, na kwa muda wa mwezi mzima nikaishi kama mtu aliyekwisha kuagwa.

Aliyenizindua ni mmoja katika wanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi ni mtaalamu wa maabara. Alikuja kunijulia hali, nami nikamwonesha zile kurasa nne. Alizisoma zote, akazikunja vizuri, akaniuliza kwa adabu:

"Maalim, katika mlango wa ushahidi ulitufundisha nini juu ya shahidi anayejivutia manufaa kwa ushahidi wake?"

"Ushahidi wake haukubaliwi," nikamjibu.

"Na huyu aliyekupima, ndiye aliyekuuzia dawa?"

Nikanyamaza.

"Na shahidi asiyekiona alichokishuhudia je? Chuma hiki, Maalim, kilishika kiganja chako. Kongosho liko nyuma ya tumbo, limejilaza mbele ya uti wa mgongo. Kimeliona wapi?"

Miaka thelathini na zaidi nimesomesha mlango ule. Nimewafundisha vijana kuwa mtu hahukumiwi kwa dhana, kwamba shahidi hutazamwa uadilifu wake, hutazamwa alikuwepo au hakuwepo, hutazamwa ana faida gani katika lile analolisema. Kisha likanifika mimi, nikaihukumu nafsi yangu mauti kwa kauli ya kijiti cha chuma. Kesho yake nikafuatana na mwanafunzi wangu kwenda kupimwa damu. Kabla ya kukueleza damu ilisema nini, yafaa tukijue kwanza kiungo chenyewe, kwani huwezi kuupima ushahidi wa jambo usilolijua.

Kongosho ni kiungo laini, chenye urefu wa kiasi cha sentimita 15, kichwa chake kimekumbatiwa na mwanzo wa utumbo mwembamba na mkia wake unafikia karibu na wengu. Wayunani wa kale walikiita kwa jina lenye maana ya nyama tupu, maana hawakuona ndani yake mfupa wala gegedu, na Waarabu mpaka leo wanatumia jina hilo hilo la Kiyunani, wakisema bankriyas. Kazi zake ni mbili. Moja ni kumimina katika utumbo maji yanayovunja chakula, na kwa siku moja hufika lita moja na nusu hivi. Ya pili ni kutia katika damu insulini inayoitawala sukari. Kazi hii hufanywa na visiwa vidogo vidogo vya chembe vilivyotawanyika ndani yake, ambavyo mwanafunzi wa utabibu wa Berlin, Paul Langerhans, alivieleza mwaka 1869 bila ya kujua kazi yake. Watu wamemsikia kongosho kwa sababu ya kisukari. Ile kazi ya kwanza wengi hawaijui, nayo ndiyo yenye maneno yetu ya leo.

Ndani ya maji yale mna vimeng'enya, yaani vitu vinavyokata chakula vipande vipande mpaka kiweze kunyonywa. Kimoja kinavunja wanga, nacho ni amilasi. Kingine kinavunja mafuta, nacho ni lipasi. Viko vya kuvunja nyama pia, na hivi vina khatari kubwa zaidi, kwa kuwa kongosho lenyewe ni nyama. Tazama hikima ya Muumba: vile vya nyama hutolewa vikiwa vimelala, na haviamshwi mpaka vimefika utumboni. Ikitokea njia imezibwa na jiwe la nyongo, au kiungo kimeharibiwa na pombe, na hizo ndizo sababu mbili kubwa kuliko nyingine, vimeng'enya huamka mahali pasipo pake, na kongosho likaanza kujila lenyewe. Hapo ndipo maumivu yanapokuwa makali, na mtu anaweza kufa.

Sasa damu inajuaje? Inajua kama mlinzi wa usiku anavyojua kuwa ghala limevunjwa: anaona mchele umemwagika njiani. Amilasi na lipasi mahali pake ni katika mfereji wa kongosho na utumboni, na katika damu huwa kidogo tu. Chembe za kongosho zikiharibika, vitu hivi huvuja na kuingia katika damu kwa wingi. Julius Wohlgemuth, huko Berlin, mwaka 1908 alieleza njia ya kuipima amilasi katika mkojo na katika damu. Mwaka 1929 Robert Elman na wenzake katika mji wa St. Louis, Marekani, wakaonesha kuwa amilasi ya damu hupanda katika maradhi ya kongosho. Mwaka 1932 wawili waitwao Cherry na Crandall wakaleta njia ya kuipima lipasi. Kabla ya watu hao tabibu alikuwa na mkono wake na sikio lake, na mara nyingi ukweli ulijulikana baada ya tumbo kupasuliwa, kwa kisu cha matibabu au cha uchunguzi wa maiti. Kwa hiyo asije mtu akasema kuwa kipimo cha damu ni jambo dogo.

Wako ndugu zetu wanaokataa sindano ya kipimo wakati wa Ramadhani, wakichelea saumu. Hili nalipita haraka: damu kidogo inayotolewa kwa ajili ya kipimo haifunguzi, na sisi tunaofuata madhehebu ya Shafi hata kuumikwa hakufunguzi. Mwenye maumivu makali ya tumbo asingoje Idi.

Lakini turejee kwenye mchele uliomwagika. Mlinzi mwenye haraka atasema, "Ghala la fulani limevunjwa." Mlinzi mwenye akili atauliza kwanza: ni ghala lipi? Kwani amilasi haitoki kwenye kongosho peke yake. Tezi za mate nazo zinaitengeneza, ndiyo sababu mkate ukiutafuna sana unakuwa mtamu kinywani. Mtoto mwenye matumbwitumbwi huweza kuonekana na amilasi nyingi na kongosho lake halina neno. Utumbo uliotoboka au kuziba huipandisha. Figo zilizodhoofika huiacha ikajaa, kwa kuwa hazina nguvu ya kuitoa. Lipasi ni shahidi bora kuliko amilasi, maana sehemu kubwa yake hutoka katika kongosho, lakini nayo ina watu wanaoisingizia: figo tena, na kifuko cha nyongo kilichovimba. Pia kuna suala la wakati. Amilasi hupanda ndani ya saa 6 mpaka 12 tangu kuanza maumivu, na baada ya siku tatu mpaka tano huwa imekwisha kurudi chini. Lipasi hukaa zaidi, hata wiki moja mpaka mbili. Anayekaa nyumbani wiki mbili akinywa tangawizi, kisha akaenda kupimwa, amemwita shahidi baada ya shahidi kwisha kusafiri.

Hivi ndivyo nilivyofanya mimi. Ila Mungu alinirehemu kwa kunipa maumivu mengine siku mbili kabla ya kwenda.

Majibu yalitoka jioni. Aliyekaa dirishani, sitataja ni hospitali gani, aliita jina langu kwa sauti, akaitazama karatasi, akasema mbele ya watu wote waliokuwa kwenye benchi, "Mzee, kongosho hilo, liko juu!" Lipasi yangu ilikuwa 84, na kikomo cha maabara ile ni 60. Daktari alikuwa amekwisha kuondoka. Nikarudi nyumbani na 84 yangu, nikalala nayo. Yule kijana wa kijiti sikumwamini tena, lakini hii ilikuwa damu, damu yangu, na hospitali ina muhuri. Mke wangu aliniuliza mara tatu kama nimekula. Sikumjibu.

Asubuhi daktari aliisoma karatasi ile ile kwa utulivu, akanifahamisha jambo ambalo lilinifanya nicheke mwenyewe ndani ya chumba chake. Akasema kuwa madaktari hawamhukumu mtu kuwa na uvimbe wa ghafla wa kongosho kwa namba peke yake. Wamekubaliana, katika kanuni walizozipitia upya mwaka 2012, kuwa lazima yapatikane mawili katika matatu: maumivu ya namna inayojulikana, amilasi au lipasi iliyofika mara tatu ya kikomo au zaidi, na picha inayoonesha kongosho lililovimba. Mawili katika matatu! Nikamwambia, "Daktari, kumbe nanyi mna mashahidi wawili." Akacheka naye, ingawa sidhani alinielewa sawasawa. Mara tatu ya 60 ni 180. Mimi nilikuwa na 84. Maumivu yangu yangeweza kuwa ya kongosho na yangeweza kuwa ya jirani yake. Kwa hiyo hakunihukumu wala hakuniachia. Alinipeleka kwenye picha ya altrasaundi, mashine ikapitishwa juu ya tumbo langu lililopakwa mafuta, na tukayaona: mawe manne katika kifuko cha nyongo, meusi kwa kivuli chake, na kongosho kwa kadiri lilivyoonekana halina uvimbe. Maradhi yalikuwa ya nyongo. Akanambia kifuko kitolewe, kwa kuwa mfereji wa nyongo na mfereji wa kongosho hukutana karibu na mlango mmoja, na jiwe moja likiteremka na kukwama pale, safari nyingine 84 itakuwa 2000. Nilipasuliwa mwezi wa Agosti. Ninakula pilau, kidogo.

Kuna jambo jingine daktari yule alinieleza ambalo nimelirudia kwenye barza zaidi ya mara moja, na bado wapo wasiolikubali. Ile mipaka inayoandikwa pembeni ya majibu, kuanzia kiasi fulani mpaka kiasi fulani, kwa kawaida imewekwa kwa kuwapima watu wazima wa afya na kuchukua 95 katika kila 100. Watano waliobaki, wenye afya kama wenziwao, wako nje ya mpaka. Hawana ugonjwa, ndivyo walivyoumbwa, au ndivyo ilivyokuwa siku ile. Basi mtu mzima wa afya akapimwa vitu ishirini kwa mkupuo, kila kimoja kikisimama peke yake, hesabu inasema kuwa ana bahati 64 katika 100 ya kupata angalau kimoja kilicho nje ya mpaka. Fikiri basi juu ya hivi vifurushi vya "kupimwa mwili mzima" vinavyotangazwa siku hizi. Wateja wengi watatoka na kitu chekundu kwenye karatasi, watarudi kwa vipimo vingine, na pesa itakwenda. Sisemi kuwa wote wanaouza ni wadanganyifu. Nasema kuwa muuzaji anaijua hesabu hii na mnunuzi haijui, na biashara ambayo mmoja anajua kasoro ya mali na mwenziwe hajui, wenye elimu ya biashara ya halali wameipa jina lake zamani.

Na mfano mkubwa zaidi ni kile kipimo kiitwacho CA 19-9, kinachotafutwa sana na watu waliofiwa na jamaa kwa saratani ya kongosho. Alama hii iligunduliwa mwaka 1979 na Hilary Koprowski na wenzake huko Philadelphia. Inafaa sana kumfuatilia mtu ambaye saratani yake imekwisha kujulikana, kuona dawa inafanya kazi au haifanyi. Lakini ukimpima nayo mtu asiye na dalili yoyote, haina maana. Hupanda kwa mwenye mawe ya nyongo yaliyoziba njia, hupanda kwa mwenye manjano asiye na saratani. Na watu 5 mpaka 10 katika kila 100, kwa maumbile ya damu yao, hawaitengenezi kabisa, hata saratani ikiwa imewajaa. Ndiyo maana jopo la wataalamu wa kinga wa Marekani, mwaka 2004 na tena mwaka 2019, lilikataza kuwapima saratani ya kongosho watu wasio na dalili. Waliona madhara yanashinda faida.

Sasa naogopa, ndugu msomaji, usije ukanielewa vibaya ukasema: Maalim anatwambia tusipime. La! Kwa ajili hiyo inanibidi nieleze ile mara ya kwanza.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa wasii wa mayatima wawili. Baba yao alikuwa na shamba la minazi, likauzwa, na fedha zikawekwa mkononi mwa shemeji azizungushe mpaka watoto wakue. Alikuwa mwaminifu, nalishuhudia hilo mbele ya Mungu, lakini alikuwa mtu wa zamani, hesabu zake kichwani. Akiwakopesha wafanyabiashara kwa kupeana mikono, na faida akiwaletea watoto kila mwezi.

Mwaka 2015, akiwa na miaka 61, alianza kukonda. Ghafla akaambiwa ana sukari, naye hakuwa mnene wala kwao hamna kisukari. Akalalamika kwangu, kwa haya, kuwa choo chake kimebadilika: kinaelea, kina mafuta, kinanuka kupita kiasi. Akaenda zahanati, akapimwa damu, amilasi. Ikaja sawasawa, ndani ya mipaka. Akarudi amefurahi. "Nimepimwa," akatwambia, "kongosho halina kitu." Nasi tukafurahi naye, na mimi nikasema alhamdulillahi, nikafunga mlango wa fikra.

Leo najua nilipaswa kusema nini. Kongosho likivunjika ghafla humwaga mali njiani, na damu huona. Lakini kongosho linalokufa polepole, au linalobanwa polepole, huenda halina tena cha kumwaga. Ghala tupu likivunjwa, mlinzi haoni mchele. Kwa hiyo damu hunyamaza, na kunyamaza kwa shahidi mmoja hakumtakasi mtu. Choo chake kilikuwa kinashuhudia kwa sauti kubwa, maana mafuta yasiyovunjwa hutoka kama yalivyoingia. Kuna kipimo cha choo, cha kimeng'enya kiitwacho elastasi, ambacho hueleza kama kongosho bado linamimina au limekauka, na pale damu haina neno la kusema chenyewe husema. Kukonda kulishuhudia. Sukari ya ghafla kwa mzee asiyenona ilishuhudia. Mashahidi watatu walikuwa wamesimama uani kwetu, sisi tukamsikiliza yule mmoja aliyesema tunalolipenda.

Miezi saba ikapita. Macho yakawa manjano, mkojo kama chai ya rangi. Tukampeleka mji mkubwa. Picha ikaonesha uvimbe katika kichwa cha kongosho, umeibana njia ya nyongo, na umekwisha kufika kwenye ini. Daktari alituita ukumbini, watoto wake wawili wa kiume na mimi, akatueleza kuwa kisu hakifai tena, ni kumtuliza maumivu tu. Watoto wakalia. Mimi nikiwa ndiye mkubwa na ndiye mwenye kilemba, nikamwomba daktari asimwambie mgonjwa. Nilisema moyo wake hautastahimili. Daktari alisita, kisha akatukubalia.

Tukamwambia ni manjano ya ini, yatapungua. Aliishi miezi mitatu na siku kadhaa, na akili yake ikiwa safi mpaka wiki ya mwisho. Usiku mmoja, nimekaa naye peke yangu, alinishika mkono akaniuliza:

"Shehe, nina safari?"

Ndugu msomaji, hakuniuliza kwa ajili ya kulia. Leo nalijua hilo. Mtu mwenye amana ya watu anauliza kuhusu safari kama anavyouliza nahodha, ili ajue afunge nini na amkabidhi nani. Mimi nikamjibu, "Utapona, inshallah." Akaniachia mkono.

Tulipomzika tukatafuta hesabu za mayatima. Tulikuta daftari moja lenye majina saba, bila ya kiasi, mawili yamefutika kwa maji. Watatu walikuja wenyewe wakalipa, Mungu awajazi kheri. Mmoja alikana. Waliobaki hatukuwajua. Shemeji alikuwa na siku mia moja za kutwambia, na kila siku katika hizo mimi nilikuwa nimelikalia jambo ambalo lingemfungua kinywa. Darasani nasomesha kuwa kuficha ushahidi ni dhambi, na nilikuwa naueleza kuwa ni ushahidi wa mahakamani, wa mashamba na talaka. Haikunipitikia kuwa karatasi ya daktari ni ushahidi, na mwenye haki nao kuliko watu wote ni yule ambaye damu ni yake.

Zipo hoja za upande wa pili, nami nazijua, kwa kuwa nilizitumia zote. Watu husema mgonjwa akijua atakata tamaa na kufa mapema. Huenda wapo wa namna hiyo, na mwenye busara atatazama anasema na nani, kwa maneno gani, na kwa vipande vidogo vidogo. Pia yuko mgonjwa asiyetaka kujua, na akisema waziwazi kuwa hataki, hiyo ni haki yake, aulizwe tu ni nani amwakilishe. Lakini sisi hatukumwuliza. Tulimwamulia. Ukinihoji nilimficha kwa ajili ya moyo wake au wangu, jibu ninalo, nalo si zuri: niliogopa kuwa ndani ya chumba kile wakati anajua.

Na khofu ile ile ndiyo iliyonilaza nyumbani mwaka 2022, nikiyaita maumivu yangu gesi. Nilikuwa nimeona kongosho linavyomwua mtu, sikutaka kuliuliza langu. Kisha, kwa kuwa sikuwa na ujasiri wa kumwita shahidi wa kweli, nikamkubali wa uongo aliyekuja mwenyewe na meza yake.

Siku nilipotoka hospitali baada ya kupasuliwa, nilimwomba mwanafunzi wangu aniandikie kwenye kipande cha karatasi maswali ya kumwuliza daktari kila nikipimwa. Aliandika hivi: Kipimo hiki kinapima nini hasa? Kikiwa juu, ni mambo gani mengine yanayokipandisha? Kikiwa sawa, ni maradhi gani ambayo bado hayajaondoka? Kuna dalili gani nyingine inayoafikiana nacho au kukikanusha? Na kama ni jambo zito, uniambie mimi mwenyewe, na huyu awepo. Mbele ya neno "huyu" aliacha nafasi. Nimeijaza kwa jina la mke wangu. Kipande hicho nimekitia ndani ya wasia, na wasia nimeuandika upya, safari hii na madeni yote, ya kudai na ya kudaiwa, kwa kiasi na tarehe.

Mkubwa katika wale mayatima sasa ana duka la vyombo. Kila mwisho wa mwezi mtoto wa shemeji yangu na mimi tunampelekea sehemu ya kile tulichokadiria kuwa kilipotea, na yeye hutupa risiti, kwani nimemsisitiza atupe. Mwezi uliopita alitaka kutusamehe kilichobaki. Nikamwambia angoje kwanza mdogo wake atimize miaka, naye aulizwe.